Sauti ya Baba na Vifurushi Vilivyokosekana

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati. Akifundisha, alisikika mpaka barabarani. Kisha akaugua koo, akapasuliwa. Alipona, lakini sauti haikurudi. Akitaka kusema jambo, aliliandika kwenye kompyuta yake, na mama akaja kusoma.

"Leo umenipeleka mbio kama mtoto," mama alimtania. Baba alicheka bila sauti.

Binti yao alikuwa mtunga programu za kompyuta. Alitunga programu ya kumsemea baba: unaandika maneno, kompyuta inayatamka. Kwenye kompyuta ya binti mwenyewe ilisema vizuri sana. Shule nayo ilikubali baba arudi darasani Jumatatu, mradi wanafunzi wamsikie.

Jumamosi asubuhi binti aliisakinisha, yaani aliiweka kwenye kompyuta ya baba. Maandishi yakatokea: "Tayari!" Baba akaandika sentensi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya vilevile.

Binti akahangaika. Akachukua mafaili ya sauti kutoka kompyuta yake, akayapachika kwa nguvu kwenye ya baba, juu ya yaliyokuwepo. Mambo yakazidi kuharibika. Hata muziki, uliokuwa ukilia vizuri, ukanyamaza. Baba akainuka taratibu, akaenda kukaa uani. Machozi yakamlengalenga binti. Akampigia simu shangazi yake, dada wa baba, aliyesimamia kompyuta za kampuni moja.

Shangazi alifika, akakagua.

"Programu yako ni nzima," alisema. "Shida ni kisakinishi, ile sehemu inayoiweka programu kwenye kompyuta. Programu yako inasema peke yake?"

"Hapana, shangazi. Inategemea vifurushi viwili, yaani programu ndogo za kuisaidia: kifurushi cha sauti na kifurushi cha matamshi."

"Kwako vipo, uliviweka zamani ukasahau. Hapa cha matamshi hakipo. Kisakinishi kiliangalia?"

"Hakikuangalia. Kilisema tu tayari."

"Basi kilidanganya! Kile ni mgeni kwenye kompyuta ya mtu, lazima kipige hodi. Kabla hakijagusa kitu, kikague kama vifurushi vinavyohitajika vipo. Kisipokiona kimoja, kimwambie mwenyewe kwa maneno anayoelewa, kisha kiombe ruhusa. Akikubali, kikichukue kwenye ghala rasmi la mfumo wa kompyuta yake, lililoko mtandaoni. Si kupachika mafaili ya kuokota! Programu nyingine nazo zinategemea yaliyopo."

"Kumbe ndiyo maana muziki ulinyamaza!"

"Ndiyo maana, mwanangu."

"Na akikataa? Au mtandao ukikatika?"

"Kiseme wazi, kisimame, kiache kila kitu kama kilivyokikuta. Na kisitangaze tayari kabla ya kujaribu."

Walirudisha mafaili ya zamani, muziki ukalia. Binti akakaa kukiandika upya kisakinishi. Alitaka kukijaribu kwenye kompyuta yake, shangazi akamzuia.

"Hiyo ina kila kitu, itakudanganya tena. Tumia hii yangu, haina kitu."

Walijaribu kukubali, wakajaribu kukataa, wakazima mtandao katikati. Kila mara kisakinishi kilisema ukweli.

Jumapili baba alisakinisha mwenyewe. Maandishi yakatokea: "Kompyuta hii haina kifurushi cha matamshi. Bila hicho, programu haiwezi kusema. Nikichukue kwenye ghala la mfumo?" Baba akabonyeza "Ndiyo." Muda mfupi baadaye kompyuta ikatamka: "Nimejaribu sauti. Tayari."

Baba akaandika haraka. Sauti nzito ikajaa sebuleni: "Mama watoto, njoo usikie!"

Mama akapiga kigelegele. Shangazi akacheza. Binti akamkumbatia baba yake, akashindwa kumwachia.

Jumatatu baba aliingia darasani na kompyuta yake na kipaza sauti. Wanafunzi wakasimama.

"Kaeni," sauti ikasema. "Nani anakumbuka tulipoishia?"

Mikono yote ikainuka. Kila mtu akajibu kwa wakati mmoja, vifijo juu, mpaka walimu wa madarasa jirani wakaja kuchungulia. Baba akatabasamu, akaongeza sauti hadi mwisho, akaandika.

"Kimya!" darasa zima likatetemeka. "Mmoja mmoja!"