Kushoto kwa Nani?

Shule zilikuwa zimefungwa, lakini Karani hakuionja likizo. Kila asubuhi alifagia uga, akateka ndoo mbili za maji, akaosha vyombo, kisha akachukua kalamu na faili la kijani na kumfuata shangazi yake hadi ofisi za usajili wa magari. Jina la Karani alipewa na shangazi huyo huyo. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Shangazi vilibanwa na jeki zamani, vikakakamaa. Spana aliishika vizuri tu, ila kalamu ilimshinda. Basi makaratasi yote yakawa ya Karani, na makaratasi yenyewe hayakuwa na mwisho.

Shangazi alikuwa fundi magari. Alifanya kazi miaka kumi na minane katika nchi jirani, na aliporudi nyumbani alikuja na gari kuukuu lililomzidi umri yeye mwenyewe. Kule magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto. Huku ni kinyume chake. Kwa hiyo alilifumua lote, akahamishia usukani kulia, akahamisha bomba la moshi, akabadilisha na breki. Alitaka kulitumia kubebea vifaa, awe anakwenda kuwatengenezea watu magari yaliyoharibikia njiani. Bila namba za usajili hangeweza, na kibali cha muda alichopewa mpakani kilikuwa kinakwisha siku ya ukaguzi wa gari, saa kumi jioni. Baada ya hapo gari lingerudishwa lilikotoka.

Kwa wiki sita walipigwa danadana. Dirisha la kwanza liliwatuma la nne, la nne likawarudisha la pili, na wa dirisha la pili alikuwa amekwenda kunywa chai. Siku moja Shangazi alisinzia akiwa amesimama kwenye foleni, akaja kuzinduka watu kumi wameshampita. Hata kucheka walicheka kivivu.

Ilikuwa imebaki fomu moja tu, ya kueleza gari lilivyo baada ya kubadilishwa. Karani aliijaza jana yake jioni juu ya boneti, miguu ikimwaka moto.

"Umelizunguka gari ukahakiki tena?" Shangazi alimuuliza kutoka ndani ya nyumba.

"Ndiyo, shangazi."

Hakuwa amezunguka hata hatua moja. Alichotaka ni godoro.

Sasa ilikuwa saa nane mchana, nao wamesimama kwenye uwanja wa ukaguzi, jua likiwachoma utosini. Mkaguzi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliisoma fomu, akalitazama gari, akaisoma tena.

"Mama, gari lenyewe liko wapi?"

"Si hili hapa mbele yako?"

"Hili usukani wake uko kulia. Fomu inasema kushoto. Bomba la moshi liko kushoto, fomu inasema kulia. Na kadi ya zamani nayo inasema usukani kushoto. Umeniletea karatasi za gari jingine?"

Shangazi alijifuta uso kwa kiganja. "Mzee wangu, huenda nilimtajia mtoto vibaya. Siku hizi kichwa changu hakikamati kitu. Nilaumu mimi."

"Nikikulaumu wewe, itabidi niandike kwamba mwenye gari ametoa maelezo ya uongo. Nikishaandika hivyo, gari hili halisajiliwi tena." Mzee akafungua kalamu yake.

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemshuku. Shangazi alikuwa ameshaubeba mzigo wote peke yake, na yeye alitakiwa kunyamaza tu. Akakitazama kile kiganja chenye vidole viwili vilivyokakamaa.

"Babu, subiri! Shangazi hakunitajia kitu. Niliandika mwenyewe."

"Ukiwa wapi?"

Karani akaenda kusimama mbele ya gari, akalielekea, akaweka fomu juu ya boneti kama jana. "Hapa." Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Ulielekea moja kwa moja kwenye usukani.

"Huko ni kushoto kwa nani?" mkaguzi akauliza.

"Kwangu."

"Na gari je?"

"Gari lilikuwa linanitazama," Karani akajibu kwa sauti ndogo.

Dereva mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Fundi hahesabu kulia na kushoto kwa pale aliposimama," alisema. "Anahesabu kama dereva aliyekaa kitini akitazama mbele." Akapitisha kidole kwenye fomu, mstari kwa mstari. Yote minane ilikuwa imegeuzwa, hakuna hata mmoja ulionusurika.

"Shangazi aliniuliza kama nimehakiki," Karani akaendelea, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nikasema ndiyo. Sikuhakiki. Nilikuwa nimechoka." Machozi yakamtoka.

Mkaguzi akafunga kalamu, akatoa fomu mpya. "Kaa kwenye kiti cha dereva uandike. Ukimaliza, zunguka. Na ujitahidi, dirisha la mihuri halitakusubiri."

Safari hii Karani alizunguka mara mbili, akigusa kila kitu alichokiandika. Mhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika saba, mwenye dirisha akiwa ameshavaa mkoba begani. Shangazi hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliketi kwenye ngazi za ofisi akavua viatu.

"Umenikasirikia?" Karani akauliza.

"Kwa kuchanganya kulia na kushoto? Hata mimi nilipoanza kazi nilikosea mengi kuliko hayo. Kosa kama hilo fomu mpya inalimaliza. Kilichoniuma ni ile 'ndiyo' yako. Niliiamini mpaka nikajitilia shaka mimi mwenyewe. Ungenyamaza leo, ningepoteza gari nisijue hata kwa nini."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimeshakusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Siku nyingine ukichoka, sema umechoka. Kuchoka si aibu. Nitazunguka mwenyewe, au tutalala wote tuhakiki asubuhi. Lakini usiniambie kazi imefanyika wakati haijafanyika."

Karani akafuta machozi.

"Shangazi, nimechoka."

"Hapo sawa," Shangazi akasema, akasogea kumwachia nafasi kwenye ngazi.