Ukurasa wa Ng'ombe

Boksi la vitabu lilifunguliwa Jumapili baada ya Misa, mbele ya chama kizima cha wasomaji cha kijiji cha Lyasenga. Kabla mtu hajasoma hata sentensi moja, Hellena, mtunza vitabu, akapiga yowe. Kila nakala ilikuwa imekatwa karatasi moja. Ile ile, katikati, kwa wembe.

Saa nane mchana Koplo Rahel alishuka kwenye bodaboda kutoka Sumbawanga, vumbi mpaka kwenye kope. Wiki nzima amehangaika na wezi wa mahindi huko Laela, leo ndiyo siku yake ya kupumzika, na sasa anaitiwa karatasi! Karatasi jamani! Lakini alipoelezwa sababu, hasira yake ikahamia kwingine. Chemchemi ya kijiji imekauka. Kesho asubuhi mkutano utaamua kama Bundala, Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake, afukuzwe kwa kuwakaushia watu maji. Vitabu hivyo vya mazingira na mabadiliko ya tabianchi viliagizwa dukani mjini, na kijiji kizima kilikuwa kinavisubiri viseme mwenye kosa ni nani.

Rahel alifungua ukurasa wa yaliyomo. Safari ya kupanda mlima, mito ya nyanda za juu, halafu: "Mifugo na Hewa, ukurasa wa 41. Miti na Chemchemi, ukurasa wa 42." Akapekua. Baada ya ukurasa wa 40 ulifuata wa 43.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mimi tu, afande," Hellena alisema. "Mwenyekiti wetu wa wasomaji, Mzee Zenon, alilipokea boksi stendi Ijumaa asubuhi, akaniletea jioni. Nikalifungia. Hakuna aliyekisoma hicho kitabu, ndiyo maana leo tulikuwa na hamu hivyo."

"Solatepu ilikuwa nzima?"

"Nzima. Ila mimi nitajuaje solatepu ya dukani inafananaje?"

"Na nani alikuja kulizungukia?"

Hellena akainamisha uso. "Bundala. Jana alisimama dirishani hapo muda mrefu."

Basi kijiji kilikuwa kimeshamaliza kesi. Ukurasa wa ng'ombe umekatwa, mwenye ng'ombe kaonekana dirishani, nini tena? Njiani watu watatu walimwambia Rahel anapoteza mafuta ya bodaboda bure.

Bundala alikuwa amekaa karibu na zizi, kofia magotini. Mkewe, Kabula, alisimama nyuma yake.

"Dirishani ulifuata nini?"

"Kuuliza kama vimefika. Nilimwomba dada Hellena anisomee panaposema ng'ombe. Akasema mpaka Jumapili, mbele ya wote."

"Kwa hiyo ulijua panasemwa ng'ombe."

"Nani hajui? Mwezi mzima naambiwa kitabu kinakuja kunihukumu. Afande, ningekata huo ukurasa si ningekuwa nimejihukumu mwenyewe? Tazama, sijakata, na nimehukumiwa."

"Una wembe?"

"Nani asiye na wembe?" Kabula alidakia, sauti imepanda. "Kila nyumba ina wembe! Mmekwenda kuuliza nyumba ngapi?"

Rahel alirudi kwenye bodaboda, ameudhika zaidi.

Rahel alimkuta Mzee Zenon shambani kwake juu ya chemchemi, anapanga nguzo za mikaratusi zinazosubiri mnunuzi. Miwani ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe kesi hii unaihangaikia nini? Ukurasa mzima ng'ombe, nyuma yake picha tu ya mti na ndoo. Nani mwingine aukate kama si mwenye ng'ombe?"

Rahel alishukuru, akaondoka. Walipofika mtoni alimpiga dereva begani. "Simama!" Akateremka, akatoa simu, akalipigia duka la vitabu.

Jumatatu saa tatu uwanja ulijaa. Wote walikuwapo, isipokuwa Bundala na mkewe, na wengine wakasema aibu imewafungia nyumbani. Rahel hakungoja utangulizi.

"Chama chenu cha wasomaji kina sheria," alisema. "Aliyekabidhiwa ukurasa hakatai, anausoma kwa sauti. Sheria ya nani?"

"Ya Mzee Zenon!" watu walijibu.

Akampa mzee simu yake. Duka lilikuwa limemtumia Rahel picha ya karatasi nzima, mbele na nyuma. "Soma wa 42, mzee."

"Miwani nimesahau."

"Imo kifuani kwako."

Watu wakacheka. Mzee akaivaa, akasoma polepole. "Mkaratusi hunywa maji mengi. Ukipandwa kwenye chanzo cha maji, chemchemi yaweza kukauka." Sauti ikakatika. Chini ya maneno palikuwa na picha ya mti mrefu na ndoo tupu.

"Picha hii uliniambia jana kabla mimi sijaiona," Rahel alisema. "Hakuna mtu aliyekuwa amesoma kitabu hiki. Wewe uliiona wapi?"

Hakungoja jibu, akawageukia watu.

"Na huo wa ng'ombe mnaoupigia kelele nimeusoma! Unasema pumzi ya ng'ombe inaongeza joto duniani. Chemchemi haijatajwa hata mara moja!"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," mama mmoja alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Zenon alivua miwani. "Nilifungua boksi ile Ijumaa nifurahie mwenyewe kwanza. Nilitaka kuona ng'ombe wa yule bwana wanavyosemwa. Nikafurahi kweli. Nikageuza karatasi, nikajikuta mimi." Akafuta uso. "Miti ile nilipoipanda mlinipigia makofi. Mlisema mzee anapenda mazingira. Leo nisimame niwaambie kwamba mimi ndiye niliyewanyima maji? Nilishindwa. Nikakata, nikafunga boksi upya. Nilijua atasingiziwa yeye."

"Ulijua," Rahel alisema.

"Nilijua."

Mwenyekiti wa kijiji akainuka haraka, akatangaza Bundala anabaki na mifugo yake, na mikaratusi ya chemchemi itang'olewa. Watu wakapiga makofi, wale wale wa jana. Rahel aliwaangalia akatamani kuwatukana.

Akapanda bodaboda apeleke habari njema yeye mwenyewe. Lango la zizi lilikuwa wazi na ndani hapakuwa na mnyama hata mmoja. Kabula alikuwa anafunga sufuria ndani ya khanga.

"Mama, mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda na lori la wanunuzi alfajiri. Amewauza wote, kwa bei ya kutupa. Alisema kuliko kufukuzwa nao barabarani kama mwizi, bora amalize mwenyewe."

"Lakini hamfukuzwi! Mmeshinda, mnabaki!"

Kabula aliendelea kukaza fundo mpaka likakaa sawa, ndipo akamtazama.

"Tubaki tufuge nini, afande?"