Ubao Usio na Nta

Fundi aliuona ubao kwanza, mwili baadaye. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Ubao mweupe wa kupandia mawimbi ulikuwa umelala kwenye mchanga ulioloa, na kutoka mkiani mwake kamba ilinyooka hadi kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa mwanamume aliyelala ubavu, kaptura yake imejaa mchanga. Fundi hakumgusa. Ufukweni simu hazishiki mtandao, kwa hiyo alitembea dakika ishirini na tano hadi kituo cha polisi, akabisha mlango uliokuwa wazi.

"Afande," alisema, "Povu amekufa."

Kituo kilikuwa na chumba kimoja, meza moja na askari mmoja. Sajini alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, aliyehamishiwa pale miaka miwili nyuma. Barua ya uhamisho ilisema ni mahali pa utulivu, na haikudanganya. Kuna siku sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, akikohoa tu ahakikishe bado ipo. Alichukua kamera, futi ya kupimia na daftari, wakaondoka.

Povu alijulikana na kila mtu, yaani watu wachache waliokuwepo. Alikuja kwa wiki moja, miaka kumi na moja iliyopita, akasahau kuondoka. Kila alfajiri alikuwa majini, na ukitaka kumwona uliangalia palipo na povu, ndipo jina lilipotoka. Alikuwa mwembamba kama ufito, mpole, mtu wa maneno ya kuhesabu.

Sajini alipiga picha, akapima, akachora. Kisha akataka kuusogeza ubao juu, mbali na maji. Mikono yake ilikuwa imeloa, na ubao ukamponyoka kama kipande cha sabuni. Akaushika tena, ukamponyoka tena. Akaandika: *Kamba mguu wa kulia. Ubao hauna ufa. Unateleza.*

"Bahari haina rafiki," fundi alisema. Alikuwa amechuchumaa kando, mikono kati ya magoti. "Na huyu alikuwa anaijua kama mfuko wake."

"Wewe na yeye mlikuwa mnaelewana?"

Fundi alitazama majini. "Siku hizi, ndiyo."

Sajini alimwacha akilinda mwili, akapanda mchanga hadi nyumba ya wageni alikokuwa akiishi Povu.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba nane, saba vikiwa vitupu karibu siku zote tangu barabara kuu ihamishwe. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu aliyeitwa Mama Vyumba, na kila wiki alibadilisha mashuka ya vitanda vyote vinane, hata vile ambavyo hakuna aliyevilalia. Sajini alifika saa mbili na dakika kumi. Toroli la kufulia lilikuwa limeegemezwa ukutani, uzi mrefu wa mwani umejizungusha kwenye ekseli. Ndani, meza ilikuwa imeandaliwa: vikombe viwili, sahani mbili, birika. Mama Vyumba alikuwa amekaa na mgeni, dada mkubwa wa Povu, muuguzi aliyefika Jumatatu. Begi la muuguzi lilikuwa mlangoni. Basi huleta watu Jumatatu, na kurudi mjini ni mara moja tu kwa wiki, Alhamisi saa nne.

Sajini aliwaambia kama inavyotakiwa kuambiwa, kwa maneno machache, akiwa amesimama.

Muuguzi alishusha kikombe polepole, akakikosa kisahani, chai ikamwagika. Hakuifuta. Mama Vyumba alijifunika uso kwa kanga.

"Nilikuwa namsubiri," alisema kutoka humo ndani ya kanga. "Chai yake inapoa, nikasema leo mawimbi yamemnogea. Maskini mwanangu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, hapa hapa, tukila. Akaenda kulala."

"Ufukweni hukushuka leo?"

"Mimi? Mimi na mchanga ule tumeshakosana, Afande. Sijaukanyaga tangu nimzike mume wangu, mwaka wa sita huu." Akashusha kanga. "Ila muulize fundi. Jumamosi walitukanana pale chini mpaka nikasikia nikiwa jikoni. Alimwambia, ipo siku bahari itakunyamazisha."

Sajini akamgeukia muuguzi. "Na wewe, dada? Ulikuja kwa lipi?"

"Kumchukua." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mama yetu hajiwezi tena. Anamuita yeye, si mimi ninayemgeuza kitandani. Siku tatu nimemwomba. Jana mchana nikamwambia maneno mabaya, kwamba amejificha huku kama mwizi. Hakujibu. Nikafunga begi langu."

Gari la hospitali ya mjini lilikuja likauchukua mwili saa kumi jioni. Muuguzi hakupanda basi.

Ijumaa asubuhi Sajini alikwenda kwenye karakana ya fundi, alikotengeneza mbao za kupandia mawimbi. Ilikuwa banda lenye harufu ya gundi na vumbi la kupiga msasa, mbao zimepangwa ukutani kama vitabu. Kwenye nguzo kulikuwa na picha iliyofifia: Povu juu ya wimbi, magoti yamekunjwa, anacheka. Ndiyo mara ya kwanza Sajini kumwona akicheka.

"Jumamosi mligombania nini?"

"Wimbi." Fundi alitikisa kichwa. "Ukiwa mbali utatucheka. Ufuo mzima, watu wawili, na bado tunagombania wimbi moja. Alinikatia njia nikaanguka, nikasema nililosema. Hasira hasara."

"Na siku hizi mnaelewana, umesema."

"Jumatano saa kumi jioni alikuja hapa. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Aliazima kikwaruzo, akakaa pale mlangoni akatoa nta yote kwenye ubao wake. Alipomaliza tulikuwa marafiki."

"Nta?"

Fundi alichukua ubao mmoja, akapitisha kiganja cha Sajini juu yake. Ulikuwa na vinundu vinundu, unanatanata. "Hii tunaipaka upande wa juu ili miguu ishike. Bila nta husimami, Afande. Utateleza kabla hujapiga magoti."

"Kwa nini aitoe, basi?"

"Unaitoa ukitaka kusafiri na ubao. Juani ndani ya begi inayeyuka, inachafua kila kitu." Akautazama mkono wake mwenyewe. "Aliniambia anaondoka Alhamisi na dada yake. Dada alikuwa hajui. Alitaka kumwambia asubuhi, kwenye chai."

"Jana hukunieleza haya."

"Jana ulikuwa unaniangalia kama muuaji. Nikaona nikisema alikuja kwangu, nitakuwa mtu wa mwisho aliyemwona."

Sajini aliikaribia picha. "Hii kamba, mnaifunga mguu gani?"

"Wa nyuma, daima. Ukiifunga mguu wa mbele utaikanyaga."

Kwenye picha, mguu wa mbele wa Povu ulikuwa wa kulia. Kamba ilikuwa kwenye kifundo cha kushoto.

Sajini alirudi kituoni kwa miguu, na njia nzima hakukutana na mtu. Mtu hapandi mawimbi kwa ubao unaoteleza, na aliyefunga kamba kila siku kwa miaka kumi na moja hakosei mguu. Povu hakuingia majini mwenyewe. Kuna mtu alimwingiza. Na mtu huyo hakuwa fundi, kwa sababu fundi angefunga mguu sahihi hata gizani.

Jumamosi saa nane mchana daktari alipiga simu. Alisema mambo mawili. Mapafu yalikuwa na maji ya chumvi na mchanga: Povu alikufa kwa kuzama, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Na tumboni mlikuwa na dawa ya usingizi, nyingi, ingawa haikutosha kumuua mtu.

Dawa ya usingizi, na muuguzi ndani ya nyumba. Sajini alimkuta muuguzi amekaa kwenye kitanda cha kaka yake, fulana ya Povu mapajani.

"Dada, una vidonge vya usingizi?"

Muuguzi hakushtuka. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge. Nafasi sita zilikuwa tupu. "Kazi ya zamu inaharibu usingizi. Lakini hivi sijavigusa tangu nifike. Hivyo sita nilimpa mama mwenye nyumba, Jumatatu usiku. Aliniambia halali, anasikia nyumba ikipumua. Nikamhurumia. Nikamwambia kimoja tu kwa siku."

Sajini alitazama nje kwa dirisha. Mashuka manane yalikuwa yakipepea kwenye kamba.

"Kaka yako alikubali kwenda nyumbani," alisema. "Jumatano jioni. Alitaka kukuambia asubuhi."

Muuguzi aliinamisha kichwa juu ya fulana, akakaa hivyo. Sajini alimngoja. Kuhusu kungoja alikuwa amefuzu.

Saa kumi jioni Mama Vyumba alikuwa chumba cha kulia, akikunja mashuka. Sajini alivuta kiti, akashika ncha mbili za shuka, wakalikunja pamoja.

"Mama, Alhamisi nilipoleta habari, ulisema chai ya Povu inapoa."

"Ndiyo."

"Mezani palikuwa na vikombe viwili. Chako na cha mgeni. Miaka kumi na moja umemwekea kikombe, na asubuhi ile hukuweka."

Mama Vyumba aliendelea kulainisha shuka kwa kiganja. "Nilisahau. Uzee."

"Ulisema hukushuka ufukweni. Toroli lako lilikuwa na mwani kwenye ekseli, na njia ya kwenda kwenye kamba ya kuanikia ni saruji tupu. Vidonge sita alivyokupa muuguzi viko wapi?"

Shuka lilibaki katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, na Mama Vyumba alimwona.

"Alinirudishia ufunguo," alisema mwishowe. "Usiku, baada ya chakula. Akauweka mezani, akasema, mama, kesho naondoka, asante kwa yote. Asante kwa yote. Kama mtu aliyelala siku mbili." Akaketi. "Nikamtengenezea chai. Nilitaka apitwe na basi, Afande, basi tu. Basi likimwacha angekaa wiki nyingine, na kwa wiki moja mtu hubadili mawazo. Alikuja kwa wiki moja, si unajua?"

"Ulimwekea vingapi?"

"Vyote. Ni mwembamba, lakini alizoea kuamka alfajiri, niliogopa kimoja hakitamshika." Vidole vyake vilikuwa vikitafuta pindo la shuka. "Saa kumi nikaenda kumsikiliza. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa. Alikuwa wa baridi, midomo haina rangi, hapumui. Nikasema, nimemuua mtoto wa watu. Mashuka nimebeba maisha yangu yote, Afande, na yeye hakuwa mzito kuliko mashuka yaliyoloa. Maji yalikuwa yamejaa, karibu. Nilijua watasema amezama. Kila mtu angesema amekufa akifanya anachokipenda."

"Ukamfunga kamba."

"Nikamfunga. Sikujua kuna mguu." Akainua macho. "Alikuwa ameshakufa. Sikumzamisha. Alikuwa ameshakufa, sivyo?"

Sajini alikuwa na jibu tangu saa nane, na njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kulisema ambayo isingemkata mtu. Hakuipata.

"Alikuwa hai, mama. Alizama majini."

Mama Vyumba hakulia. Alitazama mikono yake, ikiwa wazi mapajani, kama imekabidhiwa kitu ambacho hakukiagiza.

Muuguzi alikuja hadi mezani. Sajini alijiandaa kumzuia, lakini hakukuwa na haja. Alipiga magoti mbele ya yule mzee, akachukua mkono wake mmoja, akaubana vidole viwili pamoja, akaviweka shingoni mwake mwenyewe, chini ya taya.

"Hapa," alisema. "Mtu akilala kwa dawa pumzi inakuwa ndogo, huioni. Lakini hapa panapiga. Unasikia? Ungeweka vidole viwili tu. Na kama hukujua, ungeniita. Nilikuwa chumba cha tatu, mama. Nilikuwa macho."

Walikaa hivyo kwa muda, vidole vya mmoja shingoni mwa mwingine. Kisha muuguzi akasimama, akatoka nje, na wakamsikia akishuka ngazi kuelekea baharini.

Gari la polisi kutoka mjini lilifika Jumapili saa tatu asubuhi. Mama Vyumba alifunga vyumba vyote, kimoja kimoja, akajaribu kila kitasa. Alipomaliza alisimama na shada la funguo mkononi, akitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumwachia. Sajini alizipokea, akaandika risiti.

Mawimbi ya siku ile yalikuwa mazuri hata kwa jicho la asiyejua: marefu, safi, yanakunjika moja baada ya jingine hadi mwisho wa ufuo. Fundi alikuwa amekaa mchangani, nguo kavu, hakuingia. Muuguzi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake. Hakuna aliyeondoka.

Dereva alimfungulia Sajini mlango wa mbele. Safari ilikuwa ya saa sita.

"Afande," Mama Vyumba aliita kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. "Huku nyuma kuna nafasi."

Sajini alitazama kiti cha mbele, akatazama nyuma, ambako yule mwanamke alikuwa amejibanza dirishani, amejifanya mdogo ili nafasi iwe kubwa. Alijua alichokifanya mama huyo. Alikuwa amekiandika mwenyewe, kurasa saba, kwa mkono wake.

Akafunga mlango wa mbele, akazunguka, akapanda nyuma.