Nakala za Adhuhuri

"Kunguru kalala."

Maneno mawili tu kwenye simu. Kadii, afisa wa usalama wa mitambo ya pwani, alikata kona kwa pikipiki yake ya Yamaha katikati ya barabara ya Kilifi, lori likampigia honi, akageuka kurudi Malindi kwa kasi.

Kunguru lilikuwa jina la siri la rada ya pwani. Kulala maana yake skrini zimekwama. Mara ya mwisho zilipokwama, askari watatu wa doria waliingia baharini kama vipofu huko Ngomeni. Walirudishwa wamefunikwa mablanketi.

"Chanzo?" aliuliza kupitia maikrofoni ya helmeti.

"Hatujui," alijibu Waruguru, mkuu wake aliyekuwa Nairobi. "Lakini boti ya Doria Mbili imeshatoka. Nahodha Kambi na wenzake wanaifuata boti ya magendo karibu na Mayungu. Imebeba bunduki."

"Waambie warudi, mkuu."

"Wakirudi, bunduki zitashuka ufukoni. Mwamshe Kunguru."

Langoni pa kituo cha rada, mlinzi alikuwa amelala kifudifudi. Kadii alimgusa shingo. Hakuna mapigo. Akachomoa bastola yake ya Glock na kuingia.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama friji. Odera, fundi mkuu wa kituo, alisimama mbele ya kompyuta, begi la safari miguuni pake.

"Mikono juu."

Aliiinua taratibu. Akatabasamu.

"Umechelewa, dada."

Kadii alimfunga pingu kwenye bomba la kiyoyozi, kisha akaitazama skrini.

Seva za kituo zilikuwa seva pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, arobaini zikiishi ndani ya mitambo mitatu tu, na zote zilitegemea hifadhi moja ya data. Ndiyo maana nakala zake za akiba hutengenezwa usiku, chache chache, kwa zamu. Odera alikuwa ameamuru seva zote zinakiliwe adhuhuri, kwa mpigo mmoja. Hifadhi ilikuwa imeelemewa. Rada iliomba nafasi ya kuandika ilichokiona, isipate.

Hakuna bomu. Hakuna kirusi. Kazi ya kila siku tu, iliyohamishiwa saa ya mauaji.

"Kituo, hapa Doria Mbili." Sauti ya Kambi ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola. "Boti tunaiona. Tunaisogelea. Kuna chochote kingine huko mbele?"

Kadii aliivuta kibodi karibu.

"Zikatize zote," Odera alisema kwa upole. "Bonyeza hapo. Yamekwisha."

Kidole kilifika kwenye kitufe.

Kikasita.

Kila seva inayonakiliwa huweka mabadiliko yake kando, na nakala ikikoma, mabadiliko hayo hurudishwa yaunganishwe. Akizikatiza zote kwa pamoja, zote zingeanza kuunganisha kwa pamoja. Hifadhi ingezama kabisa.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema.

Hakukatiza hata moja. Alishusha kasi ya unakili wote hadi chini kabisa, kisha akaipa rada nafasi ya kwanza kwenye hifadhi.

Skrini ilipepesa. Ikatulia.

Nukta ya Doria Mbili. Nukta ya boti waliyoifuata. Na ya tatu, nyuma ya mwamba, ikija mbio.

"Kambi! Ni mtego! Boti ya pili nyuma yako, upande wa mwamba. Kata kulia! Sasa!"

Milio ya risasi. Kisha mkwaruzo mtupu.

"Kambi?"

Alibonyeza tena kitufe cha redio.

"Kambi, jibu!"

"Tupo." Alikuwa akihema. "Wametukosa kidogo tu. Mwenzetu Ngumbao kapigwa. Ngumbao..." Alimeza mate. "Ngumbao katutoka."

Kadii alifumba macho, akayafumbua, akatangaza redioni mahali boti zilipo. Helikopta ya polisi, iliyokosa pa kwenda tangu adhuhuri, ikapata njia. Boti zote mbili za magendo zililazimishwa kuzima injini kabla ya kufika ufukoni, bunduki zikiwa bado kwenye masanduku.

"Nani aliyekutuma?" alimuuliza Odera.

"Watu wa mbali." Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Walisema watanijia na gari."

"Hawaji."

Polisi waliingia. Redio ikakwaruza tena.

"Kituo, nipe jina lako," Kambi alisema. "Mke wa Ngumbao ataniuliza ni nani aliyetuongoza."

"Mwambie ni mtu wa zamu."

Aliizima redio, akaiacha mezani, akatoka kwenye jua akivaa glavu zake.