Faili Lililobaki Bila Diski

Nafasi ya tatu kwenye seva ya hospitali ilikuwa tupu. Diski ya kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa imechomolewa, na madaktari walikuwa wakitibu kwa kubahatisha.

Mbele ya Inspekta walisimama mafundi wawili wa seva, ndugu wa tumbo moja: dada mkubwa, aliyejikunyata ndani ya sweta, na mdogo wake, aliyepandishwa cheo juu yake majuzi kwa kuleta mfumo mpya. Ni wao tu waliokuwa na ufunguo na nywila kuu. Mkurugenzi wa hospitali alikwisha kumtaja mdogo kuwa ndiye mwizi. Pingu zilikuwa tayari.

"Mfumo wake ndio uliotuponza," dada alisema. "Diski haipo, lakini faili lake, lile linaloonyesha kwenye skrini kuwa ipo, bado linaonekana. Enzi zangu kila faili la kifaa nililitengeneza kwa mkono."

"Na kifaa kikiondoka?"

"Faili lilibaki. Lakini nilijua kipi kipo na kipi hakipo."

"Mfumo wangu hutengeneza faili kifaa kikichomekwa," mdogo alisema, "na hulifuta kikichomolewa. Hili silielewi, afande."

"Ngoma ikivuma sana hupasuka, mdogo wangu."

Inspekta alichomoa diski nyingine, isiyo na kitu. Kwenye skrini faili lake likatoweka. Akairudisha, likarudi.

"Mfumo hausemi uongo," alisema. "Basi faili hili mtu amelitengeneza kwa mkono, diski ikiwa imeshatoka." Akaitazama skrini kwa dharau. "Tena ovyo. Mwanafunzi huyu. Hata nambari mbili za kutambulisha kifaa amekosea."

"Mimi nambari hizo nimeshazisahau," mdogo alisema.

Dada akacheka kidogo. "Wewe umesahau. Nane na thelathini na mbili. Miaka yote sijakosea, na jana sikukosea."

Inspekta alinyoosha mkono. Dada akaitoa diski chini ya sweta.

"Sikutaka mgonjwa aumie," alisema. "Nilitaka mfumo wake uonekane mwongo. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipanya, afande. Siku hizi hata simu ya mama ikigoma, anaitwa yeye."

"Ungeniambia, dada," mdogo alisema. "Cheo ningekuachia."

"Uniachie?" Dada alimpa Inspekta mikono yote miwili. "Nifunge, afande. Afadhali pingu hizi."