Wimbo ambao Mukamugema hakuuimba

Rafiki yangu Mukamugema wa Majengo alikuwa muimbaji wa vilio kwenye misiba, mpaka watu walipoanza kutungiwa nyimbo na mashini ya kwenye simu. Binti yake Umuhire alipotelea kwenye njia ya kwenda Bunagana. Mukamugema alimutungia wimbo wa kilio, lakini hakumuimbia mutu yeyote, kwani kwao mutu haombolezwi mpaka maiti ionekane.

Juzi alienda kuchajisha simu kwenye kibanda cha Viateur.

“Mama, kazi yako imekwisha!” Viateur akamucheka. “Mashini imetunga wimbo wa kilio cha marehemu muzee Gauthier. Sikiliza.”

Umeme ukakatika, kibanda kikawa giza tupu. Simu ya Viateur ikaendelea kuimba. Mukamugema akautambua wimbo wake, neno kwa neno, hata pale pumzi inapomukatikia. Jina la muzee Gauthier halikutajwa. Lilitajwa la Umuhire.