Mfungo wa Takla

Kila alasiri Takla alipotoka shule, alitua mkoba mlangoni na kuketi kando ya bibi yake, Warda, wachambue dengu pamoja. Bibi alichambua kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yamekufa tangu msimu wa zabibu, na daktari wa Beiruti alisema mwanga hautarudi. Takla alichambua huku akimpigia soga: nani kagombezwa darasani, theluji imebaki wapi mlimani, mlozi wa jirani, ule mti wa lozi, umefikia wapi kuchanua.

"Funga mdomo kidogo," Bibi alimtania. "Utameza jiwe, bure tukuzike."

Kwaresima ilipoingia, sista wa katekisimu aliwasimulia habari za Mtakatifu Rafka, mtawa wa milima hiyohiyo, aliyepofuka na kuumwa miaka mingi, akafuma soksi kwa kupapasa wala asilalamike. "Acheni mnachokipenda zaidi," sista alisema, "na msijitangaze."

Wenzake waliacha peremende. Takla alipenda zaidi soga ya alasiri. Akaweka nadhiri kimoyomoyo: hatasema neno kwenye dengu mpaka Pasaka, na Rafka atamwombea Bibi macho.

"Takla, ni wewe?" Bibi aliuliza siku ya kwanza. Takla akambusu mkono, akanyamaza.

"Una nini, mama? Nimekukosea?"

Moyo ulimuuma Takla, lakini nadhiri ni nadhiri. Jioni hawakupata nafasi ya kuongea: nyumba ilijaa watu, na Bibi alilala mapema. Baada ya wiki mbili Bibi hakuuliza tena.

Alasiri moja Takla alifika mlangoni akamsikia Bibi akiongea na mama yake Takla.

"Anakua tu, mama," mama alisema.

"Si kukua. Amenichoka. Ananibusu mkono kama anayeaga maiti, kisha basi. Macho yalipokufa sikulia, mwanangu, kwa kuwa nilikuwa naye. Sasa ndiyo nimepofuka."

Takla aliingia mbio akaangukia magoti ya Bibi. "Sijakuchoka, Bibi. Nilifunga kusema ili Rafka akuombee macho." Alilia kwa kwikwi hata mama naye akageuzia uso ukutani.

Bibi alimpapasa mashavu yaliyolowa. Naye alikuwa akilia.

"Masikini mjukuu wangu. Nia yako njema, Mungu ameiona. Lakini mtu hufunga chakula chake, hafungi cha mwenzake. Rafka alijinyima cha kwake. Sauti yako ilikuwa chakula changu, nawe umenilaza njaa. Ukitaka kujinyima, kwanza tazama nani atakayelala njaa."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe zamani. Haya, nambie, mlozi umeshachanua?"

Mlozi ulikuwa umechanua wote, mweupe, na maua yakapukutika njiani wakati yeye akipita kimya.

"Umechanua na kwisha, Bibi. Sikukwambia."

Bibi akamsogezea ungo wa dengu.

"Basi anza mwanzo," alisema. "Nambie ulivyokuwa."